Chaki kwa Mkono wa Kulia

Nasikitika kutangaza kwamba katika nchi hii, ambamo siku hizi kila kitu ni ruhusa, kuanzia mitumba hadi shule za kulipia, mkono wa kushoto wa mdogo wangu Devota bado ni marufuku.

Devota yuko darasa la tatu, mwaka wa kuunga herufi. Mwalimu wake, Kunegunda, ana sheria moja nzuri: kalamu isinyanyuke mpaka neno liishe. Ana na ya pili, kwamba wote waandike kwa mkono wa kulia, na hiyo huifundisha kwa rula kwenye vifundo vya vidole. Kwa mkono wa kulia Devota huandika kama kuku anayefukua mchwa. Kwa wa kushoto, herufi zake hufuatana kwa unyenyekevu kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Sisi wa bweni tulifunga mapema Juni hii, nami nikafungua chuo kikuu nyuma ya jiko. Nilitandaza majivu kwenye sinia, nikamfundisha Devota aushushe mkono chini ya mstari, ili usifute alichokwisha kuandika. Mama alitukuta. Alisema mkono huo ni wa chooni, akarudi kupukuchua mahindi.

Ndipo Bwana Rupert, aliyekuwa akiuza matairi Majengo, akatangaza kuwa shule yake mpya ya Mshangano itamchukua bure mtoto mmoja wa darasa la tatu, yule atakayeandika vizuri zaidi ubaoni. Tangazo liliahidi kwamba huko hakuna viboko. Devota aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka viatu. Kila jioni alilala na majivu kwenye kucha.

Nilikwenda kwa Mwalimu Kunegunda, nikampa shikamoo yenye uzito unaostahili, nikamwombea mdogo wangu msamaha wa siku moja. Nilitegemea rula. Alifikiri kidogo.

“Siku hiyo aandike hata kwa mguu,” alisema, “mradi mshindi atoke kwetu na si shule ya jirani.”

Siku ikafika. Wazazi walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Wa kwanza kati ya wawili waliobaki baada ya mchujo alikuwa Valence wa shule ya jirani. Hakumwamkia mtu. Aliinyakua chaki mkononi mwa Bwana Rupert, akaandika mwandiko wa kawaida tu, akarudi kukaa.

Devota akaitwa. Alipiga goti, akasema shikamoo, akaipokea chaki kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama Mama alivyomfundisha kupokea kitu cha mkubwa. Bwana Rupert alibaki amesimama pale pale, akitabasamu. Nilingoja chaki ihame mkono. Haikuhama. Angeihamishaje kwenye mkono wa chooni, mbele ya macho ya mzee aliyempa sasa hivi?

Akaandika kwa wa kulia. Neno walilopewa, Songea, lilianza juu likaishia bondeni, na chaki ilinyanyuka katikati ya neno. Mwalimu Kunegunda alitazama dirishani. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika.

Bwana Rupert alisifu sana adabu ya Devota. Nafasi akampa Valence.

Njia nzima Mama alisimulia kila tuliyekutana naye jinsi mwanawe alivyopiga goti. “Umenitoa kimasomaso, mama,” alimwambia Devota.

Devota alinivuta shati tukabaki nyuma.

“Kaka, kumbe ningemwomba aiweke mezani kwanza, eti?”

Mimi, ambaye bwenini nina jibu hata la swali ambalo padre hajamaliza kuuliza, nilimwambia aangalie shimo mbele yake.

Tulipofika nyumbani Mama alitaka kitu cha kuchambulia maharage. Devota alikwenda nyuma ya jiko, akamwaga majivu, akaliosha sinia akalifuta kwa khanga. Kisha akampa Mama, akipiga goti, kwa mkono wa kulia.