Kamba Isiyolowekwa

Mama alianza kuwa jiwe kwenye vidole vya miguu. Wiki ile ugonjwa ulikuwa umeshapanda hadi kifuani, na pumzi yake ilitoka kwa kukwaruza. Dawa ilikuwa moja tu: ua linaloota chini ya Shimo, moja kwa mwaka, nalo humtibu mtu mmoja. Ukiligawa, umelipoteza.

Walioshuka kulitafuta walikuwa wasichana, kwa kuwa pango la chini ni jembamba, na kila mmoja alitumia kamba aliyoisokota mwenyewe. Tulipiga kura. Wa kwanza asiporudi, wa pili anashuka. Mimi nikawa wa kwanza. Wa pili akawa Mkorofi, jirani yetu, ambaye mdogo wake alikuwa jiwe hadi kiunoni.

"We Mkia wa Panya," aliniambia, akiikagua kamba yangu. "Umeiloweka hiyo?"

"Shughulika na yako."

Sikuwa nimeiloweka. Kila msokotaji anajua kwamba kamba mpya ya katani hulowekwa, ikavutwa, ikaanikwa, la sivyo ikipata maji itajikunja na kufupika. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na mama hakuwa na muda wa kungojea kamba ikauke.

Nilishuka vizuri tu, hadi miguu ikagusa chini. Ukungu wa kule, ambao usiku hupanda hadi kwetu, ndio unaogeuza watu kuwa jiwe, kwa hiyo nilijifunga kitambaa puani nikaingia pangoni kwa tumbo. Ua nililiona mwisho kabisa, jeupe, dogo kuliko kidole gumba. Nikalichuma, nikalificha kifuani, nikarudi kinyumenyume huku nikilia kwa furaha.

Kamba haikuwepo. Nikainua macho. Ilikuwa imelowa kwa ukungu, imepanda, ncha yake inaning'inia juu, mkono wangu haufiki. Niliruka. Niliruka tena. Nikajitukana matusi ambayo mama hajui kama ninayajua. Vidole vya miguu vilianza kufa ganzi.

"Kamba imefupika!" nilipiga kelele.

Aliyekuwa juu ukingoni, akingoja zamu, ni Mkorofi. Nilijua anawaza nini, maana hata mimi ningewaza hivyohivyo. Angenyamaza kidogo tu, zamu ingekuwa yake.

Kisha kamba nyekundu ikaanguka usoni pangu, ile aliyoipaka rangi kwa maringo.

"Shika, mjinga wewe! Panda kabla sijabadili mawazo!"

Nilipotoka alikuwa amekaa chini, amenipa mgongo. Nikamwambia asante. Hakugeuka. Nikakimbia nyumbani.

Mama alikuwa anaweza kusogeza macho na mdomo tu. Nilipomsogezea ua, aliviangalia viganja vyangu vilivyoshika rangi.

"Nyekundu hiyo si kamba yako," alisema. "Nani kakutoa?"

"Kula kwanza, mama."

"Nani?"

Nikamwambia.

"Basi ua ni la mtoto wao."

"Kura niliipata mimi! Nimeingia mle mimi!"

"Na ungebaki mle wewe. Wamenirudishia mwanangu, halafu nile uhai wa mwana wao? Mpelekee."

Nilimshika taya. Nilijaribu kumfungua mdomo kwa nguvu, mama yangu mzazi. Akabana meno. Nikampigia magoti, nikamwambia sina mtu mwingine duniani, nikamwambia ana roho mbaya. Machozi yalimtoka, lakini meno hakuyaachia. Nilimchukia. Nilimpenda.

Mlango wa jirani aliufungua Mkorofi mwenyewe, macho yamevimba. Nilimsukumia ua mkononi. Alitaka kusema kitu, sikumsikiliza, nikageuka na kurudi mbio, nimkute mama bado anapumua.