Kitundu Kilichopakwa Rangi

Hasira hasara, wanasema. Waulize kama wamewahi kulala chini ya gari, oili ya moto ikiwadondokea shingoni, huku baba yao mzazi akiwatangaza kwa mtaa mzima.

"Huyu binti hana mkono wa sili!" Baba alipaza sauti mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaacha kushona. "Mara ya tatu hii! Ya tatu!"

Gari lilikuwa la muuguzi mmoja, mama mpole asiyejua kugomba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri. Mwezi uliopita tulishusha giaboksi yake tukabadilisha klachi, na tangu hapo ikawa inavuja oili kwa nyuma. Nikabadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, ikavuja. Nikaweka nyingine, nikaipapasa ukingo wote kwa kidole, ikavuja tena. Na kila ikivuja, Baba hakuniita pembeni. Alisimama mlangoni akahubiri.

Siku hiyo alimalizia hivi: "Jumatatu funguo za gereji nampa shemeji yako. Wewe utakaa mezani uandike risiti."

Shemeji! Mume wa dada yangu, mtu ambaye akishika spana unaionea huruma spana. Miaka kumi na miwili nimeshinda kwenye grisi, leo nikaandike risiti? Damu ilinichemka. Nilitaka kutoka pale chini nimjibu, ila ningetoka ningesema ya kujutia. Basi nikabaki, nikajiuliza swali ambalo, kusema kweli, nilipaswa kujiuliza tangu sili ya kwanza: hivi hii oili inasukumwa na nini?

Giaboksi ikifanya kazi inapata moto, na hewa iliyomo ndani inatanuka. Ndiyo maana juu yake pana kitundu chenye kofia ndogo ya chuma, hewa itoke, na chombo kikipoa iingie tena. Kitundu kikiziba, hewa haina pa kwenda. Inaisukuma oili, na oili inapita palipo laini, yaani kwenye mdomo wa sili. Hapo hata uweke sili ya dhahabu, itavuja tu.

Nikapitisha mkono juu ya giaboksi, mahali macho hayafiki. Kofia haikucheza hata kidogo. Ilikuwa imegandiana na rangi nzito, tabaka juu ya tabaka.

Na gereji yetu mtu wa rangi ni mmoja tu. Kila giaboksi inayoshushwa, Baba huiosha akaipaka rangi ya fedha ing'ae, maana kwake chombo kichafu hakitoki. Nyani haoni kundule, nikasema moyoni, Mungu anisamehe.

"Baba, njoo huku chini."

"Nije kufanya nini?"

"Njoo uone kinachovujisha."

Akaja akinung'unika, akalala ubavu kando yangu na tochi yake. Nikaikwangua rangi kwa kucha, kisha nikachokonoa kitundu kwa waya. Fyuuu! Hewa ya moto ikatupiga usoni. Baba akamulika kucha yangu iliyojaa magamba ya fedha, akaitambua rangi yake.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Funguo zako baki nazo, mama. Yaishe."

Yaishe! Mimi anitangaze, lake aninong'oneze chini ya gari?

"Hayaishi, Baba. Nenda mlangoni ukaseme."

Nilikuwa sijawahi kumwamuru baba yangu maishani. Muuguzi aligeukia ukutani akajifanya anasoma kalenda. Baba akainuka kwa shida, mkono kiunoni, akaenda mlangoni, akakohoa.

"Binti yangu hana kosa!" akapaza. "Mimi ndiye niliyeziba! Kwa mkono wangu huu!"

"Umeziba nini, mzee?" fundi viatu akauliza kutoka ng'ambo.

Baba akageuka kuniangalia, macho yakiniomba nimwokoe. Nilikuwa bado nimefura.

"Mweleze, Baba," nikasema. "Taratibu, mpaka aelewe."