Mume Wetu Yumo Jichoni

Kila alasiri bibi alimwona marehemu mumewe amekaa kwenye kiti cha dirishani. Mjukuu wake, mpiga picha, akaja na kamera ya macho mawili, inayotoa picha pacha. Ukizitazama pamoja kwenye darubini yake, kila kitu kinasimama kama kilivyo chumbani.

“Mke mwenzangu, mpige mume wetu vizuri,” bibi alitania. “Asije akanuna.”

Picha zilipokuwa tayari, mjukuu alitazama kwanza. Kiti kilikuwa kitupu. Akampa bibi darubini.

“Huyo hapo!” bibi alishangilia. “Na kofia yake!”

“Hebu fumba jicho la kushoto, bibi.”

Bibi akafumba. “Mbona kaondoka?”

“Hayumo kitini, bibi. Yumo kwenye hilo jicho lako bovu, lile daktari alilosema halitibiki.”

“Na likizima kabisa?”

“Hutamwona tena.”

Bibi alikipapasa kile kiti kitupu, kisha akasema taratibu, “Kitendawili.”

“Tega.”

“Nimemzika mara moja, nitamzika tena bila jeneza.”

Mjukuu alilijua jibu, lakini alimpa mji.