Mkono wa Kulegeza Nyuzi

Mwaka ule nilikuna nazi mpaka bega langu la kulia likawa kubwa kuliko la kushoto, na yote hayo kwa sababu ya vidole vya kaka yangu, ToMarum.

Kaka alipiga gitaa la solo katika bendi ya mjomba wetu, ToPirit. Kwenye sikukuu ya parokia iliyotangulia alianza wimbo mbiombio, vidole vikagongana, akaishia kukohoa ili watu wadhani anaumwa. Mjomba alingoja wiki nzima, kisha akaja kusema mbele ya mama.

"Mwaka huu ukiboronga tena, mpwa wangu, unarudi kwenye gitaa la ridhim, la kusindikiza. Solo nampa mwingine."

Nilimhurumia. Kaka hana shamba la kueleweka, hana mke, hajui kuvua samaki. Ana solo tu.

"Shida yako ni pupa," mjomba aliendelea. "Na hivyo vidole unavirusha juu kama umeshika sufuria la moto. Viweke karibu na nyuzi. Kwanyua chini, juu, chini, juu. Polepole. Ikitoka safi mara tatu ndipo uongeze mwendo."

"Sasa huo mwendo nitaupimaje, mjomba?"

Mjomba akaangaza huku na huku, akaniona nimekaa kwenye mbuzi, nakuna nazi, kru, kru, kru.

"Si huyo hapo!"

Hakuna aliyeniuliza. Basi ikawa asubuhi na jioni, mkuno mmoja, noti nne. Akikosea tunarudi mwanzo. Akipatia mara tatu, naongeza kasi. Nikisimama kutema tambuu, naye anasimama. Tulikula ndizi za nazi, viazi vitamu vya nazi na mboga za nazi, na kuku wetu walinenepa kwa machicha wakashindwa kupanda mtini. Lakini ule msururu wa noti unaofungua wimbo wetu, ambao ndio pia unaoufunga, ukaanza kutoka vizuri mno. Nilijivunia, ila sikumwambia. Kichwa chake kikubwa tayari.

Jambo lingine ni hili. Kwetu kila bendi ina namna yake ya kukaza nyuzi, na namna hiyo ni siri. Ukimaliza kupiga unazilegeza zote, asije mtu akaokota gitaa lako akaondoka na siri ya watu. Mjomba alikuwa mkali hasa kwa sababu ya ToKinkin, mpiga solo wa bendi ya kijiji jirani, ambaye kila siku alikuwa na shughuli karibu na migomba yetu. Kwa hiyo kila zoezi liliisha vilevile: msururu wa mwisho, safi, kisha mkono wa kaka unapanda kichwani mwa gitaa na kulegeza. Miezi mitano hivyo.

Sikukuu ikafika. Watu kama mia nne walijaa uwanja wa kanisa, wengine wametoka hata mjini Kokopo. Kaka akafungua wimbo. Mungu wangu, vidole! Havikuonekana vikinyanyuka. Watu wakapiga mayowe, na bega langu likawa linakuna lenyewe.

Kisha, huku akitabasamu, mkono wake ukapanda.

"Kaka, usi—!"

Alikuwa ameshalegeza zote sita. Waimbaji wameingia ubeti wa kwanza, kuna beti tatu, halafu msururu uleule unarudi. Akaanza kukaza upya, lakini kwa magitaa manne ya ridhim na sauti za watu angesikia nini? Mjomba aliimba huku akimtazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Ubeti wa pili ukaisha. Niliona solo ya kaka inaondoka, nikalia kweli, sitanii.

Ndipo ToKinkin, aliyekuwa kando akingoja zamu yake, akaruka jukwaani, akamvua kaka gitaa, akamvika lake.

Kaka akapiga. Kila uzi ulikuwa mahali pake. Siri yetu, yote, ilikuwa kwenye gitaa la ToKinkin! Msururu ukatoka safi kuliko wa kwanza, na watu wakapanda kummwagia poda kichwani, kama kwetu tunavyomtuza mpigaji hodari.

Mjomba alishuka hajui amkumbatie nani, ampige nani. "Solo ni yako," alimwambia kaka. Kisha akageuka. "Na wewe. Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mzee," ToKinkin alijibu, macho chini. "Migomba yenu ina mbu balaa. Nimemsikia akikosea pale mara elfu. Ningekubali vipi nisiusikie mwisho wake leo?"

Kaka akamrudishia gitaa kwa mikono miwili, machozi yanamlenga. ToKinkin akapanda, bendi yake ikajipanga, akakwanyua noti ya kwanza.

Bweee.

Kaka akautazama mkono wake wa kushoto. Sita zote, tena.

ToKinkin alitutazama kama mtu aliyeibiwa. Kabla kaka hajainuka, mjomba mwenyewe, aliyeilinda siri ile miaka ishirini, alipanda jukwaani, akalishika gitaa lile na kuanza kulikaza kwa namna yetu.

"Nyote, geukeni huko!" alifoka.

Tukageuka, watu mia nne, tukalitazama kanisa.