Mlango wa Septième B

Simu ya mkuu wa shule, ambaye kila mtu humwita Mama Préfète, ilimkuta Guelord Mbuyi akipiga pasi shati lake. Mama aliongea haraka, kama mtu aliyebakiwa na wengine kumi wa kuwapigia. Mwalimu wa jiografia ameacha kazi. Mahojiano ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Baada ya maswali, Guelord atafundisha somo moja mbele ya kamati.

"Utafundisha mu septième B," Mama alisema. "Bale batoto banakuyua tayari."

"Merci, Mama. Merci mingi."

Alipokata simu, kola ilikuwa imeungua.

Mwingine angeruka kwa furaha. Guelord alikuwa bado mwanafunzi, mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, na kaka zake waliomtangulia chuoni walikuwa wanauza vocha barabarani miaka mitatu baada ya kupata diploma. Lakini yeye aliketi kitandani. Septième B, lile darasa la saba! Kama wangempa darasa lingine lolote, hata lile la wakorofi wa mwaka wa nne, angekwenda akiimba.

Miezi miwili nyuma alikuwa amefanya staji yake, mazoezi ya kufundisha, katika shule hiyohiyo ya Ruashi. Siku moja mchana, akiwa ubaoni anachora mto Luapula, upepo wa mvua ulilikamata paa. Bati moja liling'oka kwa mlio kama lori linalomwaga mawe. Guelord hakukumbuka kuamua chochote. Alijikuta getini, kwenye kibanda cha mlinzi, chaki ingali mkononi. Akageuka, akatazama nyuma. Watoto thelathini na nane walikuwa bado ndani, na msichana mmoja, Annie Nkandu, alikuwa ameuzuia mlango kwa mgongo wake usijifunge, akiwapitisha wenzake mmojammoja. Bati la pili lilipoanguka lilimpasua mkono.

Hapo ndipo Guelord aliporudi mbio. Akambeba Annie. Na hapo ndipo Papa Constantin, mwalimu wa nidhamu, alipotokea kona ya jengo, akamwona stajieri huyo amelowa chapachapa, damu ya mtoto kifuani. Katika ripoti yake mzee aliandika kwamba kijana huyu ana moyo wa simba. Guelord alisoma neno hilo, akatia sahihi chini yake. Ripoti hiyo ndiyo iliyomletea simu ya leo.

Jioni dada yake mkubwa Claudine, yaya kama alivyomwita, alijitolea kuwa kamati. Alivaa miwani ya marehemu baba yao, akaketi nyuma ya meza ya kulia.

"Monsieur Mbuyi, utuelezee siku moja ya nguvu mu staji yako. Ulifanya nini?"

Guelord akajibu. Alikuwa ameyapanga vizuri: upepo, bati, watoto kutolewa kwa utaratibu, mwalimu akiwa wa mwisho kutoka. Maneno yalitiririka.

Claudine akavua miwani. "Unasema muzuri. Lakini juu ya nini unaangalia chini tu?"

"Niko nachoka, yaya."

"Kuchoka haifiche macho."

Usiku ule na uliofuata, kila alipofumba macho alimwona Annie akinyoosha kidole mbele ya kamati, mtoto mwenye adabu anayeomba ruhusa ya kusema.

Jumatano hakuweza kuvumilia tena. Alipanda taksi hadi Ruashi, akauliza nyumba ya kina Nkandu, akaelekezwa kwenye nyumba ya matofali isiyopigwa lipu bado. Njia nzima alikuwa anajifunza maneno: mtoto wangu, kesho nitakuja darasani, nakuomba tu usiseme. Basi. Aibu ilimpanda kabla hata hajabisha hodi.

Annie alikuwa uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alimpa kiti, akamwambia mama yake ameenda sokoni. Kovu lilikuwa refu, jekundu bado, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono.

"Mukono inaendelea?"

"Inaendelea, mwalimu. Kama kuko baridi, inaniluma."

Guelord alifungua mdomo, maneno yote ya njiani yakamkimbia. Annie ndiye aliyeendelea, macho yake kwenye kinu.

"Sikumwambia muntu. Bale bengine kuko bale balikuona, lakini nilibaambia banyamaze."

"Juu ya nini?"

"Sikutaka bakuchekelee. Na miye niliogopa, mwalimu." Akainua mchi, akausimamisha hewani. "Siku ingine mvua ikikuya vile, utakimbia tena?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto anayetaka kujua lini mtihani utafanyika, ili ajipange.

"Siyue," Guelord akasema. "Kweli, Annie, siyue."

Msichana akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye kinu chake.

Alhamisi kamati ilikuwa watu watatu: Mama Préfète, Papa Constantin, na sista mmoja mzee aliyekuwa akiandika kila kitu. Papa Constantin akafungua ripoti, akatabasamu.

"Mwalimu, ubaambie bamama hawa ile siku ya mvua."

Guelord aliyaona maneno yake mazuri yamejipanga, tayari kutoka. Kisha akasikia sauti yake, nyembamba, isiyo ya simba hata kidogo.

"Nilikimbia, Papa. Nilibaacha batoto ndani. Annie Nkandu njo alibatosha inje. Miye nilirudia kisha."

Kalamu ya sista ilisimama. Papa Constantin aliangalia ripoti iliyoandikwa kwa mkono wake, uso ukamvimba. "Ulinifanya niandike bongo, uongo mutupu," akasema polepole, akatoka bila kufunga mlango.

Mama Préfète akatazama saa. "Batoto banangoya. Kwenda ufundishe."

Akafundisha. Alikosea mara mbili kuandika jina la ziwa Mweru, na Annie alikaa safu ya mbele akinakili kwa utulivu. Guelord alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba yamekwisha. Alimweleza Claudine yote, na dada yake akamwekea mezani sahani ya bukari, ugali wao wa kila siku.

Wiki moja baadaye simu ikalia.

"Tutakuonja miezi tatu," alisema Mama Préfète. "Usizani ni juu ya ile ukweli yako. Tulichagua muntu mwingine, sasa yeye amepata kazi Kambove. Papa Constantin hajakubali bado. Na niko nakuangalia."

"Ndiyo, Mama."

Hakuruka. Mvua za Aprili zilikuwa hazijaisha, na woga wake ulikuwa palepale. Jumatatu alifika shuleni kabla ya wanafunzi. Septième B ilikuwa tupu. Meza ya mwalimu ilisimama karibu na mlango, hatua mbili tu. Guelord aliitazama, akaweka mfuko wake chini, akaanza kuiburuta. Aliivuta hadi pembe ya mbali kabisa, chini ya dirisha lenye nondo, mahali ambapo mtu akitaka kutoka ni lazima apite mbele ya watoto wote.