Biskuti za Siku Tisa

Roho ya Nzisa ilianza kumwuma siku ile Kavindu aliposhuka Kikima kwa likizo na masanduku mawili na kikopo kimoja. Masanduku aliyasamehe. Mtu akikaa Ujerumani miaka sita akiwatunza wazee wa watu, atarudi na masanduku, hilo linajulikana. Kikopo ndicho kilichomkaa kooni. Kilikuwa cha bati, chekundu, na Kavindu alikiweka mezani mbele ya mama mkwe wao, Kalekye.

"Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, "Krismasi hii nitawapikia biskuti za huko."

"Nesa, vyema," akajibu mama mkwe. "Na wewe pika kitu, Kavindu."

Na wewe pika kitu! Kwa miaka kumi na mmoja, tangu aolewe na kijana mkubwa wa boma hilo, keki ya Krismasi ilikuwa ya Nzisa. Watu walitoka kanisani wakapita kwao kwa ajili ya keki hiyo, na mhubiri hakuwahi kukosa. Nzisa hakuwa na digrii wala pasipoti. Alikuwa na keki. Sasa huyu, mke wa shemeji yake, arudi na kikopo aichukue? Kweli kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kavindu akapanga viungo mezani: mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi, kungumanga. Nzisa akachungulia.

"Hizi si ni za chai na pilau?"

"Ni hizo hizo, Mama Kimeu," Kavindu akajibu, akimwita Nzisa kwa jina la mwanawe. "Huko wanatia kwa biskuti."

"Kwani wamekosa nyama?"

Kavindu akacheka sana, na kicheko hicho kikamwudhi Nzisa kuliko tusi.

Asali ya Kitui ikayeyushwa, unga ukakandwa, donge likalazwa hadi asubuhi. Kulipokucha Kavindu akauliza ataokea wapi, maana alizoea oveni.

"Oveni ya hapa ni mimi," Nzisa akamwambia.

Akatoa sufuria kubwa, akatandaza mchanga chini, akaweka trei, akafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Hapo shetani akamnong'oneza aongeze makaa kidogo tu. Alitamani, tusimsingizie utakatifu. Lakini moto wake haukuwahi kuunguza kitu cha mtu, na hangeanza kujiaibisha kwa sababu ya Kavindu. Biskuti zikatoka za kahawia, na harufu yake ikafika barabarani.

Kavindu alipotoka kuchota maji, Nzisa akaiba moja akaiuma. Maumivu yakapanda kutoka jinoni hadi sikioni. Biskuti ilikuwa jiwe! Akaigonga mezani, ikalia ko! Tangu Kavindu arudi, Nzisa hakuwa amesikia sauti tamu kama hiyo.

"Pole, zimekuwa ngumu," akamwambia Kavindu aliporudi.

"Wacha tu, zina siku zao." Kavindu akazipanga ndani ya kikopo, kisha akatumbukiza humo humo kipande cha tufaha alilonunua Malili. "Tutafungua Krismasi. Ni siku tisa."

Siku zao! Nzisa akageuka asicheke mbele yake. Jiwe likiwekwa siku tisa linakuwa jiwe la siku tisa.

Ndipo akakata shauri. Hatapika keki. Hatamwambia mtu, atanyamaza tu. Wageni wang'ate mawe, waangalie huku na huku, wakose pa kukimbilia, ndipo wajue Nzisa ni nani. Mayai aliyokuwa ameweka akiba akawakaangia watoto. Kwenye mazoezi ya kwaya alimwambia mwimbaji mwenzake, Ndululu, "Krismasi mkija kwetu, bebeni meno ya akiba."

Siku ikafika. Baada ya ibada sebule ilijaa. Nzisa alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, akisubiri. Kavindu akafungua kikopo, na biskuti ya kwanza akampa mama mkwe, mwenye meno manne kwa jumla.

Mama mkwe akauma. Akatafuna. Akanyoosha mkono apewe nyingine.

"Laini," akasema.

Ndululu akamtazama Nzisa. Nzisa akatazama kikopo.

"Ni hilo tufaha," Kavindu akaeleza. "Linazipa unyevu polepole. Lakini asante zote ni kwa Mama Kimeu. Huko mimi niliziunguza mara tatu, na nina oveni ya stima."

Watu wakapiga makofi. Kavindu mwenyewe hakugusa biskuti hata moja. Alikuwa akiutazama mlango wa jikoni, akitabasamu.

"Mimi nimeacha nafasi tumboni. Mama Kimeu, leta keki basi! Miaka sita naiota. Nilijaribu kuipika huko ikanishinda, nikalia, mpaka bibi mmoja niliyekuwa namtunza akanihurumia akanifundisha hizi."

Watu wote wakamgeukia Nzisa.

"Sikupika," Nzisa akasema.

"Hukupika?"

"Nilidhani... si kulikuwa na zako."

Kavindu alijaribu kucheka, ikakataa. Ndege yake ya kurudi Ujerumani ilikuwa kesho kutwa, na kesho alfajiri angeondoka Kikima. "Haya," akasema. "Labda nikirudi tena."

Nzisa akainuka, akaenda jikoni kuangalia kikapu cha mayai, ingawa alijua hakina kitu. Kutoka sebuleni mama mkwe akamwita, "Nzisa, njoo na wewe ule."

Akarudi, akapewa moja, akauma. Aliomba iwe mbaya, hata kidogo tu. Ilikuwa tamu.