Njia ya Shangazi Dereva

Uliona, usinidanganye. Kila siku ulipita mbele ya nyumba ya shangazi yangu, ukaziona ngazi tatu zilizobomoka mlangoni, ukamwona na yeye nyuma ya dirisha kwenye kiti chake cha magurudumu, ukageuza shingo upande wa pili kana kwamba huko kuna sinema. Miaka miwili na miezi mitatu. Na huyo mwanamke aliendesha basi la shule la mtaa huu miaka ishirini na sita. Wewe alikupeleka. Ulitapika kwenye siti ya tatu, akafuta mwenyewe, wala hakukusemea kwa mama yako. Mimi nakumbuka mpaka siti.

Nakumbuka pia siku ngazi zile zilipomwagwa. Binamu yangu anayeishi mbali, mwanawe shangazi, alichukua kampuni ya ujenzi ya magari meupe, na sababu yake kubwa ilikuwa hiyo, magari ni meupe. Zege lao likawa zito, kulisambaza kazi, basi mmoja wao akavuta mpira wa bomba akalipiga maji mpaka likawa uji, wapate kuondoka mapema. Nikawaambia zege la uji halifiki mbali. Msimamizi akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nimesomea mgongoni mwa mifuko ya saruji, yeye je? Wakacheka, wakalainisha juu kwa mwiko likang'aa, wakalipiga picha, wakaenda. Mvua za mwaka wa pili zilipoanza, kingo zilikuwa zinamomonyoka kama biskuti. Ngazi ya juu ikakatika shangazi akiwa ameikanyaga. Nyonga ikavunjika, haikuunga sawasawa. Kampuni ilipigiwa simu mara kumi na moja, na tarehe zote ninazo.

Tangu siku hiyo, kutoka nje kwake kulikuwa ni kubebwa, mmoja kwapani, mwingine miguuni. Akatoka hivyo mara mbili, ya tatu akakataa. Alisema mtu aliyeshika usukani maisha yake yote hatolewi nyumbani kama kabati. Akakaa ndani.

Sasa mwaka huu binamu akapiga simu kwa furaha kwamba amepata dawa: watu wa magari meupe watarudi kumjengea mama yake njia ya mteremko. Nilichomjibu hakiandikiki. Nikavaa viatu, nikaenda nyumba ya tisa kutoka kwetu kumwita Taratibu. Huyo ni fundi zege. Jina la utani amelipata kwa mwendo wake, maana hata chai anaikoroga kama anapima. Sababu yangu ilikuwa moja. Zege la Taratibu likipasuka, atalipita kila asubuhi akienda kazini, na mimi nitakuwa nimesimama getini namsubiri.

Alipoletewa mchanga alitia konzi moja kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaiweka dirishani, tukakaa kusubiri. Tope likajikusanya juu ya mchanga unene wa kidole. Mchanga wa tope haushiki saruji, akaurudisha wote. Nilitaka kumkumbatia. Akazivunja ngazi za zamani kwa nyundo, kifusi chake akakishindilia kiwe msingi wa njia ya mteremko, akasimamisha mbao pembeni, akafunga nondo. Jumamosi asubuhi mashine ya kuchanganyia ikawashwa, na mtaa ukatoka nje kama kuna harusi. Watu ambao sijawahi kuwaona na koleo walikuja na koleo.

Shangazi alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake. Akauliza, kwa sauti ya kuuliza saa, nani amejaribu kuipanda njia hiyo. Taratibu akamwambia amejaribu mwenyewe, na toroli lililojaa kokoto, na limepanda bila shida.

"Toroli linasukumwa na nani?"

"Na mimi, mama."

"Na mimi nitasukumwa na nani?"

Miaka thelathini Taratibu kila mteremko ameupima kwa toroli, kwa sababu kwenye kazi yake hakuna gurudumu lingine linalopanda. Shangazi akaomba kiti cha kawaida, akahamia, akakisukuma kile cha magurudumu nje.

"Kaa wewe, mjuaji," akaniambia. "Panda."

Wakatandika mbao juu ya kifusi, nikakaa, nikaanza chini. Nina mikono ya kubeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, na mtaa mzima unajua kwa kuwa huwa nawaambia. Sikufika nusu. Kiti kikaanza kurudi nyuma na mimi ndani yake, nikadakwa na magoti ya Taratibu. Akajaribu na yeye. Akaishia hatua moja juu ya pale nilipoishia mimi, watu wakicheka mpaka wanashikana mabega.

"Gari ni zima," shangazi akasema. "Barabara ndiyo mbovu."

Kicheko kikakatika, maana mashine ilikuwa inazunguka na zege halijui kusubiri. Niseme ukweli. Nilikagua mchanga, nikahesabu nondo, nikasimamia maji kwa kikombe, lakini mwenye kiti sikumuuliza. Siku hiyo na mimi niligeuza shingo.

Ili mteremko usiwe mkali, njia ilitakiwa iwe na urefu mara mbili, na kutoka mlangoni hadi getini hapakuwa na nafasi hiyo. Ilibidi ikate kona, ifuate ukuta, ipite kwenye waridi za jirani, mwanamke ambaye hata paka hamruhusu kunusa pale. Nilikuwa natafuta maneno ya kumbembeleza nikamwona anakuja na jembe. Akasema waridi zitahamia kwa dada yake, tusimame pembeni, tusimcheleweshe.

Taratibu akaamua mchanganyo wa kwanza uende kwenye ubapa wa mlangoni, ile sehemu tambarare ya juu, ambao haubadiliki. Hapo tukapata muda. Halafu, na hili nimelishuhudia kwa macho yangu, Taratibu alikimbia. Akang'oa mbao akikimbia, akavuta kamba mpya, akapiga magoti na pima maji, akaweka ubapa mwingine pale kwenye kona ili mwendeshaji apumue. Sisi tukachimba, tukashindilia, tukapokezana karai mkono kwa mkono kutoka getini mpaka ukutani. Mwenye nia njema mmoja alileta ndoo ya maji kulainisha zege kidogo. Mimi na Taratibu tulimkatalia kwa sauti moja hata ndoo ikamponyoka. Jua lilipopinda, njia nzima imelala, imepigwa ufagio juu ili tairi zishike.

Siku saba ikafunikwa magunia, yakaloweshwa asubuhi na jioni, na shangazi dirishani kama trafiki, hakuna aliyethubutu kukanyaga. Siku ya nane akatoka.

Akashuka mwenyewe. Taratibu alitembea pembeni yake, mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika vitu dukani. Shangazi akafika getini, akageuza, akaanza kupanda. Kabla ya kona akawa anasukuma gurudumu robo kwa robo. Akaingia kwenye ubapa, akafunga breki, akajifuta uso kwa mtandio, akaangalia nyuma kama mtu anayehesabu abiria, akaachia breki, akapanda mpaka mlangoni kwake.

Akashuka tena, akapanda tena. Mara ya tatu hakurudi. Alivuka barabara mpaka kwa fundi cherehani, mwenye magongo na ngazi nne, ambaye huu ni mwaka wa tano nguo anazitolea dirishani. Akamwita nje, akamwuliza anataka barabara yake ianzie wapi. Yule mzee aliweka mkasi chini.

Ndiyo maana nakuandikia nimesimama, na karatasi ina vumbi la saruji. Mashine iko kwa fundi cherehani, imewashwa, zege linazunguka hivi sasa. Safari hii mwenye magongo amepanda mbao kwanza, kabla hatujachanganya hata koleo moja. Tunahitaji watu sita wa kupokezana karai, tuko wanne. Usiniambie kesho, kesho litakuwa jiwe. Na kama mtaa wako si huu, kuna mlango wako ambao unaujua vizuri sana. Gonga, muulize aliyemo ndani anataka kutokea wapi, halafu kamwite fundi anayeishi jirani.

Weka hii chini. Vaa viatu. Njoo.